Kabla ya kuanza mwaka wa kwanza wa saikolojia Lubumbashi

Ukisema tu mtaani kwamba unaenda Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kusoma saikolojia, jirani atakuuliza: "Basi niambie nawaza nini." Zoea. Kozi ya utangulizi haifundishi kusoma mawazo ya mtu, wala haikupi ruhusa ya kumtibu. Inafundisha namna ya kulipima swali kuhusu tabia ya binadamu. Ndiyo maana historia ya saikolojia kwa kawaida huanzia kwenye maabara ya Wilhelm Wundt, Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879.

Kwa hiyo anza na hesabu. Wengi waliotoka sehemu ya pedagojia (ualimu) ya sekondari hudhani wameagana nazo, kumbe takwimu inawangoja mlangoni. Rudia wastani, asilimia na grafu. Zaidi ya yote, jizoeze kutenganisha mambo yanayoambatana na mambo yanayosababishana. Watoto wa nyumba zenye vitabu wakifaulu zaidi, usiseme haraka kwamba ni vitabu. Labda wazazi wana pesa, labda wamesoma. Anayeshika hili mapema ameshavuka nusu ya kozi, kwa maoni yangu. Biolojia nayo ipitie kidogo: ubongo, neva, homoni.

Masomo ni kwa Kifaransa. Ukimaliza kila somo, funga silabusi (kijitabu cha kozi cha profesa) ulieleze kwa Kiswahili kwa mtu asiyesoma saikolojia. Ukikwama, ujue ulikariri tu. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kumbukumbu kwa silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885: tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha polepole. Basi rudia siku ileile, halafu baada ya siku chache. Usingoje wiki ya mitihani, umeme ukatike ukiwa na kurasa mia mbele yako.

Jitayarishe pia kubishana na kitabu. Utasoma jaribio la Stanley Milgram kuhusu kutii amri, lililoanza mwaka 1961 katika Chuo Kikuu cha Yale: katika toleo linalojulikana zaidi, wanaume 26 kati ya 40 walitii wakabonyeza hadi volti 450, wakiamini wanampiga mtu umeme (mtu huyo hakupigwa kweli). Uliza: walikuwa akina nani? Watu wa Marekani, waliojitolea kwa malipo. Je, Katuba au Kenya (komini zetu za Lubumbashi; Kenya hii si ile nchi) ingekuwa hivyohivyo? Joseph Henrich na wenzake walilishikilia swali la namna hii mwaka 2010: nadharia nyingi zimejengwa juu ya watu wa nchi chache tajiri.

Mkifika kwenye magonjwa ya akili, utayaona yote kwako na kwa binamu zako. Usimpachike mtu jina la ugonjwa mezani. Na kama una jeraha lako la moyoni, tafuta mtaalamu. Darasa si matibabu.

Pesa ya silabusi iweke kando mapema, lakini usinunue nakala ya mwaka jana kabla ya kuwauliza wakubwa wa mwaka wa pili: profesa akibadilisha kozi, utabaki na kurasa zisizoulizwa.