Kodi P0420 ikirudi, pima uvujaji kabla ya kununua masega

Gari la zamani likiwasha taa ya cheki injini kwa P0420, kodi ya kompyuta ya gari inayosema masega (kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi) hayafanyi kazi vizuri, ukaifuta na ikarudi, usikimbilie kununua mapya. Asubuhi, injini ikiwa baridi na gari likiwa nje, iwashe, mwenzako azibe kiasi mdomo wa ekzosi kwa tambara bichi, nawe upulizie maji ya sabuni kwenye viungo vyote: gasketi ya manifoldi, flanji, nyuzi za sensa ya oksijeni. Fanya haraka, bomba linapata moto upesi. Povu likitoka, hapo panavuja. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo tundu huvuta hewa ya nje. Sensa inasoma oksijeni isiyotoka kwenye injini, na kompyuta inadhani masega yamekufa. Kwa barabara zetu za mawe pembezoni mwa Arusha, gasketi na weldingi huachia sana. Badilisha gasketi, boliti zilizoliwa na kutu pia. Pasipovuja, soma sensa ya oksijeni ya nyuma, iliyo baada ya masega, injini ikiwa moto, mizunguko 2,500 kwa dakika: ikitulia karibu na volti 0.6 au 0.7, masega ni mazima. Ikipanda na kushuka kama ya mbele, yamekufa. Injini inayokula oili itayaua hata mapya.