Jinsi ya kutafuta na kufikia magenge (kuta za mwamba) ya kukwea yasiyojulikana kutoka Lubumbashi

Sisi tunaokwea tukiishi Lubumbashi tuna bahati ya kuwa na uwanda wa juu wa Kundelungu. Kingo zake zimekatika kuwa kuta ndefu za mwamba, na maporomoko ya Lofoi huko hudondoka zaidi ya mita 300 kwa mkupuo mmoja. Kuta zenye sifa ni chache; zilizobaki unazitafuta mwenyewe.

Hatua ya 1: fuata kivuli. Fungua picha za setilaiti za Sentinel-2. Ni za bure, na hupigwa mnamo saa nne na nusu asubuhi. Mwezi wa sita, saa hiyo, jua letu liko kaskazini-mashariki, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini au magharibi huonekana kama uzi mweusi ubavuni mwa mlima. Kisha tafuta picha ya mwezi wa kumi na mbili ya siku isiyo na mawingu. Jua limehamia kusini-mashariki, na kuta za kaskazini nazo zinajitokeza. Kuta za mashariki hazitoi kivuli saa hiyo. Zitambue kwa ukanda mweupeweupe usio na miti. Wengi huzipita hizi, nazo ndizo zenye ubaridi mzuri wa kukwea alasiri.

Hatua ya 2: linganisha na mwinuko. Data ya SRTM, yaani vipimo vya mwinuko wa ardhi vilivyokusanywa kutoka angani Februari 2000, ina nukta moja kila mita 30. Ukuta wa mita 20 humezwa humo ukaonekana mteremko wa kawaida. Mimi nikiona mteremko wa digrii 40 mahali penye uzi mweusi, naona panastahili safari.

Hatua ya 3: ruhusa. Sehemu ya Kundelungu ni hifadhi ya taifa tangu 1970, chini ya ICCN, taasisi ya Kongo ya uhifadhi wa mazingira. Anzia kwao. Nje ya hifadhi, hakikisha si eneo la kampuni ya madini, kisha mwone chifu kabla ya kushusha kamba kwenye gari.

Hatua ya 4: uliza njia. Setilaiti haioni njia iliyo chini ya miti ya miombo. Wachoma makaa na warina asali wanaijua. Salimia, kaa, uliza: "Muzee, njia ya kufika ku mabwe inapita wapi?" (Mabwe ni mawe.) Usiulize kilomita. Uliza, ukitoka alfajiri, unafika jua likiwa wapi. Atakunyoshea mkono angani, na hesabu hiyo naiamini kuliko ya simu. Uliza pia ukuta gani una nyuki. Wenye nyuki uache, hata ungekuwa mzuri namna gani: ukiwa umening'inia kwenye kamba huna pa kukimbilia. Akikubali kukuongoza, mlipe siku yake yote.

Hatua ya 5: mguu. Nenda kiangazi. Washa simu irekodi njia, na kwenye kila njia panda geuka utazame nyuma, maana wakati wa kurudi pori lina sura nyingine. Mwezi wa sita jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo panga saa ya kugeuza na uiheshimu hata kama ukuta unauona mbele.

Vaa kofia ngumu kabla hujafika chini ya ukuta. Gonga mwamba kwa ngumi: ukitoa mlio wa uwazi, usishike hapo. Mwamba wa mchanga ukilowa hupoteza nguvu, na ngozi ya juu huweza kukauka huku ndani kukiwa bado na maji. Fukua udongo kidogo chini ya ukuta. Ukiwa na unyevunyevu, siku hiyo piga picha, chora mistari ya kukwea, urudi nyumbani.