Ukitembea msituni, kuwa makini zaidi ufukweni
Kwenye njia ya mzunguko inayopita kando ya maziwa na vidimbwi, ni rahisi kupotea pale pale penye maji kuliko ndani ya msitu. Kila anayefika ziwani hukanyaga kijia chake: mvuvi, mpiga picha, aliyetaka kunawa uso. Vijia hivyo huonekana vipana kuliko njia yenyewe, kisha vinaishia kwenye matete. Kwa hiyo kabla hujashuka kutazama maji, geuka uangalie ulikotoka na ukariri alama moja ya njia, labda rangi iliyopakwa kwenye gome la mti. Ukitembea dakika kadhaa bila kuona alama nyingine, rudi hadi ile ya mwisho. Usikatize kichakani, hata kama unaona ng'ambo kwa macho yako.

Muda nao usiukadirie kwa kilomita tu. Kanuni ya mwaka 1892 ya Naismith, mpanda milima wa Uskoti, bado inafaa: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Mizizi iliyolowa itakuchelewesha zaidi ya hapo. Na ukishapita nusu ya mzunguko, kurudi nyuma hakufupishi kitu, basi amua mapema.

Ukikuta matope njiani, tafadhali pita humo humo. Kukwepa pembeni kunaua mimea na kuipanua njia. Viatu vitakauka.

Maji ya kidimbwi, hata yakiwa maangavu, yachemshe yatokote dakika 1 kabla ya kunywa. Juu ya mita 2,000, dakika 3.