Somo: Kulitembea bonde la Pemba kwa miguu, kutoka barabara ya zamani hadi Kidike, kijiji chenye hifadhi ya popo

Wageni wengi wakishuka bandari ya Mkoani huulizia fukwe. Vumawimbi ni pazuri, sikatai. Lakini Pemba hasa iko mabondeni. Huku si tambarare ya mawe kama pwani ya mashariki ya Unguja. Ni kilima, bonde, kilima tena. Kilima kirefu kuliko vyote hakifiki mita 100, kwa hiyo usije na hamu ya kupanda mlima. Utashuka na kupanda kutwa nzima, na kila ukishuka unakuta bonde bapa, la kijani, lenye maji chini.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwanza, njia baadaye

Wengi hukosea hapa. Bonde lile lile ni mabonde manne tofauti kwa mwaka. Masika yanapoanza, Machi na Aprili, mpunga ndiyo kwanza unapandwa na bonde ni tope tupu. Picha nzuri, miguu taabuni. Mei limefunikwa kijani mpaka macho yanapoa, ila mvua haikupi nafasi. Kipupwe, Juni hadi Agosti, mpunga unapiga manjano na watu wanavuna. Hewa nzuri, njia zimekauka. Mimi huo ndio wakati ninaoupenda. Halafu karafuu zikikubali, kuanzia Julai au Agosti na kuendelea, harufu inakupokea kabla hujaliona shamba. Kaskazi, Januari na Februari, jua ni kali na bonde limechoka. Ukija wakati huo, tembea alfajiri tu.

Hatua ya 2: Panda gari ya Wete inayopita njia ya zamani

Toka mji wa Chake Chake mapema, kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Hakikisha ni gari ya njia ya zamani, ile inayopinda pinda chini ya miti mikubwa, maana nyingine zitakupitisha kwingine. Mwambie utingo akushushe njia panda ya Kidike. Nunua maji na mandazi hapo hapo Chake, kwani mbele duka ni la bahati.

Hatua ya 3: Isome ardhi kutoka juu kwenda chini

Kutoka barabarani hadi Kidike ni kama saa moja ya mwendo wa kawaida. Mimi huchukua mbili, kwa sababu kila hatua ina jambo.

Juu ya kilima kuna mikarafuu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka huku. Msimu ukiwadia utaona wachumaji juu ya matawi, na chini watu wamekaa duara wanachambua, karafuu upande huu, makonyo, yaani vikonyo vyake, upande ule. Kisha huanikwa juu ya majamvi uwanjani, hata kando ya lami, mpaka zigeuke rangi ya kahawia iliyoiva. Jamvi halirukwi. Zunguka.

Ukiteremka kidogo unaingia kwenye nyumba, migomba, muhogo, mifenesi na mishokishoki. Hapo ndipo watu wanapoishi, mteremkoni, kwa sababu juu ni mali na chini ni maji. Ukiendelea, ardhi inakuwa laini, majimbi yanaanza kuonesha masikio yake makubwa, na ghafla miti inakwisha. Umefika bondeni.

Bonde usilivuke haraka. Simama ukingoni, mgongo kwenye mti. Utasikia ninga, njiwa wa kijani, juu, pengine utamwona chozi, ndege mdogo mfyonza maua, akirukaruka kwenye maua ya mgomba. Kati ya ndege wanne wasiopatikana popote duniani isipokuwa Pemba, hawa wawili, ninga wa Pemba na chozi wa Pemba, ni rahisi kuwaona bila darubini. Mwingine ni bundi mdogo wa usiku, huyo msikilize tu.

Hatua ya 4: Kuvuka

Bondeni hapapitwi ovyo. Fuata kingo zinazotenga vipande vya mpunga, mguu mbele ya mguu, viatu mkononi kama kumelowa. Ukingo ukibomoka chini yako, umemwagia mtu maji yake, kwa hiyo mwite mwenyewe umwambie.

Ukiwakuta watu kazini, salamu kwanza: "Assalamu alaykum, hongereni na kazi." Jibu likija ndipo uulize njia. Wala usiulize "Kidike ni mbali?" Utaambiwa "hapo tu", na hapo tu ya Pemba ina vilima viwili ndani yake. Uliza, "Nikipita hapa nitatokea wapi?"

Kisa changu mwenyewe: mwaka mmoja nilijifanya mjuzi, nikafuata kijia cha ng'ombe chini, chini, nikafurahi kwamba ni tambarare. Mabonde mengi ya huku huishia kwenye hori, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na mimi niliishia kwenye mikoko, siku ya bamvua, maji makubwa ya bahari, yakipanda. Nilikaa juu ya gogo kwa muda wa karibu saa tatu. Mzee mmoja aliyekuja kutazama mtego wake aliniuliza, "Mwanangu, huku ulikuja kuoa?"

Hatua ya 5: Kidike na popo wake

Ukifika, ripoti kwa wanaosimamia na ulipe kiingilio; hifadhi ni ya wanakijiji. Popo wa Pemba hapatikani kwengine. Mbawa zake zikikunjuliwa hufika mita moja na nusu hivi. Mchana wananing'inia kama matunda makubwa, wakigombana na kujipepea. Miaka ya 1990 walikuwa karibu kumalizika kwa kuwindwa na kukatiwa misitu, vijiji vikaanza kuwalinda, wakaongezeka. Usipige makofi ili waruke. Wanakula matunda na kusambaza mbegu, na wakifukuzwa mchana wanachoka bure.

Hatua ya 6: Kurudi

Uwe barabarani kabla ya saa kumi. Gari za jioni hujaa.

Maswali ya wanachama wa kundi letu

*Mwanachama wa Tanga: Mimi ni mwanamke na nitakuja peke yangu. Pana shida?*

Da, njoo. Vaa nguo ndefu na mtandio, si kwa woga, ni heshima ya mahali. Ukiulizwa "umekuja na nani?" si uchunguzi, ni malezi. Ukipata binti wa kijijini akusindikize, mlipe vizuri. Atakuonesha zaidi ya ninavyojua mimi.

*Mwanachama wa Dar: Naweza kununua karafuu njiani niwapelekee nyumbani?*

Hapana, ndugu yangu. Karafuu ya Zanzibar inauzwa kwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na magendo yake yanachukuliwa kwa uzito sana. Mtu akikuuzia pembeni, anakuingiza matatani. Peleka halua.

*Mwanachama wa Unguja: Ramadhani je?*

Panatembeleka, ila usile wala kunywa hadharani hata kama hufungi. Na kazi za shamba hufanywa asubuhi tu, ukichelewa utakuta bonde liko kimya.

*Mwanachama wa Arusha: Viatu gani? Nina mabuti ya kupandia mlima.*

Yaache Arusha. Ndara za kufunga nyuma zinatosha. Mabuti yakijaa tope la bonde utayabeba, hayatakubeba.

*Mwanachama wa Wete: Mwalimu, umesahau dungu, kile kichanja cha kukalia mtu anayeamia, yaani anayefukuza ndege wasile mpunga. Wageni wanapanda madungu ya watu kupiga picha, na mtoto anayeamia ndege anabaki chini anatazama. Wiki iliyopita moja limevunjika nguzo.*

Kweli, nimesahau, na nashukuru. Ongezeni kwenye hatua ya nne: dungu ni la mwenye kuamia. Ukikaribishwa panda, tena mmoja mmoja. Na lile lililovunjika ni la bonde gani? Jumamosi mimi na vijana wawili tunaweza kuja na miti.