Somo: Baiskeli Bagamoyo hadi Kaole, kwa sisi wa Dodoma

Wengi huku wanadhani safari hii inataka miguu ya chuma. Wapi! Kutoka mjini Bagamoyo hadi magofu ya Kaole ni kama kilomita tano tu. Kinachotutesa sisi wa bara ni mchanga na jasho lisilokauka.

Kwanza, usafiri. Baiskeli iingie buti la basi la Dar. Patana na kondakta kabla ya kupakia. Fungua gurudumu la mbele, ilaze upande wa cheni ukiwa juu. Shukia Chalinze, chukua gari la Msata. Kutoka Msata ni lami, kilomita 64 hadi Bagamoyo. Mwenye pumzi aipige. Mimi ningepanda gari.

Pili, upepo. Tairi gumu la lami ya Dodoma huzama mchangani. Punguza hadi libonyee kidogo kwa dole gumba, tia gia nyepesi, kanyaga mfululizo na usikate usukani ghafla.

Tatu, anza alfajiri, Kaole kwanza, kabla jua halijakolea. Kuna mabaki ya misikiti miwili, mmoja wa karne ya 13, na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yana nguzo. Ukirudi mjini, usikimbilie chakula. Pita misheni ya Wakatoliki ya mwaka 1868: kwenye mnara wake mwili wa Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ulilazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, kupitia Tabora. Kisha nenda Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara. Hapo mimi hukaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Ujiji na Tabora ilikatiza Ugogo, ikalipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi wetu ili ipate maji na njia, ikapita Mpwapwa, ikaishia Bagamoyo. Sisi tunalalamikia tandiko!

Nne, jioni osha chumvi kwa maji baridi, kausha, paka cheni mafuta.

MASWALI kutoka mitaa yetu ya Dodoma

Wa Nkuhungu: Kaka, yangu ni Foniksi, haina gia. Nitafika?
— Utafika, dada. Penye mchanga mwingi shuka ukokote, hakuna anayekucheka.

Wa Kikuyu: Huku pancha ni mbigili. Huko je?
— Ukikaribia ufukwe, magamba ya chaza. Beba tyubu ya akiba, viraka na solusheni.

Wa Ipagala: Naweza kupita ufukweni moja kwa moja?
— Maji yakipwa, mchanga ulioloa unabeba vizuri. Ila waulize wavuvi kwanza yanajaa saa ngapi, na kwenye mikoko usiingie, ni tope tupu.

Wa Chang'ombe: Shikamoo mwalimu. Kaptura za baiskeli zinaruhusiwa?
— Marahaba. Barabarani sawa. Kaole ni misikiti na makaburi, kwa hiyo beba kanga au suruali nyepesi, uivae juu ukifika getini.