Midomo ya uke ya mtoto ikishikana: hatua kwa hatua

Hapa Mwanza, siku za kliniki ya watoto, mara kwa mara huja mama akitetemeka: "Sista, mwanangu hana njia." Njia ipo. Midomo midogo ya uke imegandana tu. Huwapata watoto wa miezi 3 hadi miaka 6, zaidi katika mwaka wa pili. Estrojeni (homoni ya kike) aliyotoka nayo tumboni mwa mama imekwisha, ngozi ni nyembamba. Ikichubuliwa na mkojo, kinyesi au sabuni, pande mbili hupona zikiwa zimeshikana. Mama, hukukosea.

Hatua ya 1: Tazama, usivute. Mlaze penye mwanga. Utaona mstari mwembamba katikati. Kisha fuatilia mkojo: unatoka bila kilio? Unachuruzika akishasimama?

Hatua ya 2: Kama hana shida, mwache. Haya ndiyo matibabu ya watoto wengi, ingawa mama hutaka kuondoka na dawa mkononi. Estrojeni ikianza kurudi anapokaribia kuvunja ungo, midomo huachia yenyewe. Mwoshe kwa maji matupu. Kile kipande cha sabuni ya kufulia tunachowaogeshea watoto ziwani kisifike hapo. Badilisha nepi mapema.

Hatua ya 3: Krimu, kwa cheti cha daktari. Mkojo ukisumbua au UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) ikijirudia, daktari anaweza kuandika krimu ya estrojeni: kidogo sana, juu ya mstari tu, mara 1 au 2 kwa siku, wiki 2 hadi 6. Wengine huandikiwa krimu ya steroidi, betamethasoni ya asilimia 0.05. Estrojeni inaweza kuvimbisha matiti kidogo au kuitia ngozi weusi. Hali hiyo hutoweka krimu ikisimamishwa. Usijinunulie dukani. Midomo ikishaachia, paka mafuta ya mgando kila siku kwa miezi kadhaa, maana hujirudia.

Hatua ya 4: Kutenganishwa hospitalini. Ni kwa wachache, na kwa ganzi. Mtoto asiyeweza kukojoa kabisa apelekwe siku hiyohiyo, Sekou Toure, Bugando au hospitali iliyo karibu.

Maswali ya wanachama

*Bibi, Ukerewe: Sisi tulitenganisha kwa kidole na kupaka samli. Ubaya uko wapi?*

Shikamoo bibi. Ukichana unaacha vidonda viwili vibichi vinavyotazamana. Vitashikana tena, na safari hii kwa kovu gumu. Mtoto naye ataogopa kuguswa hata akiwa anaoshwa. Nakuomba sana, wazuie na majirani.

*Baba, Kirumba: Atakuja kuzaa?*

Ndiyo, baba. Tatizo liko kwenye ngozi ya nje. Kizazi na mayai havikuguswa.

*Mama, Magu: Wangu ana miaka 7, daktari alisema imeshikana kidogo. Sasa mkojo unaishia na damu.*

Dada, usiihesabu damu hiyo kuwa ya kushikana. Kanda yetu ina kichocho, ugonjwa wa minyoo unaotia damu kwenye mkojo, na mtoto anayecheza kwenye madimbwi na malambo hukipata kirahisi. Mpeleke apimwe mkojo. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa hiyo atoe sampuli muda huo. Yakionekana, atapewa prazikwanteli kwa uzito wake.