Jinsi ya Kuitambua Chuquiraga Mlimani

Ukipanda Chimborazo au Cotopaxi, kule Ekwado, ukapita mahali miti inapokoma, utakuta kichaka kifupi chenye maua ya rangi ya chungwa. Wenyeji hukiita chuquiragua. Jenasi yake, yaani kundi la spishi za karibu, ni Chuquiraga ya jamii ya alizeti, nayo imeenea kutoka Kolombia hadi Patagonia, kusini kabisa mwa Amerika Kusini. Hapa naeleza spishi moja, Chuquiraga jussieui.

Hatua ya 1: gusa kwanza. Wengi hukimbilia ua. Mimi huanza na jani: dogo, gumu, limebanana na wenzake kuzunguka tawi, na ncha yake huchoma. Ukitaka kufunua matawi vaa glavu za ngozi. Za sufu hunasa, na ukivuta mkono unavunja tawi lililokua kwa shida kwenye baridi ile.

Hatua ya 2: chunguza kichwa cha maua. Unachodhani ni ua moja ni maua mengi madogo yaliyofungwa pamoja na magamba makavu, yaliyopandana kama vigae vya paa. Usichume. Okota kilichoanguka, kipasue kwa ukucha, utazame kwa lenzi ya mkono: mbegu ina nywele zenye matawi, mfano wa unyoya. Ukikuta kichaka chenye miiba lakini maua ni ya waridi, huenda ni binamu yake, Barnadesia.

Hapa huwa nasimama kidogo niwasimulie ninaotembea nao. Mwaka 1987 wanasayansi Robert Jansen na Jeffrey Palmer walionyesha kwamba karibu jamii yote ya alizeti ina kipande kilichogeuzwa nyuma mbele katika DNA ya kloroplasti, zile chembe za kijani ndani ya seli za mmea. Mchunga wa shambani unacho, na alizeti pia. Ukoo wa Chuquiraga hauna, maana ulijitenga na wenzake kabla ya mgeuko huo. Kwa hiyo kichaka hiki ni cha ukoo wa kale sana, na ndiyo sababu nasisitiza kisikatwe ovyo.

Hatua ya 3: keti usubiri. Rudi nyuma hatua kumi, unyamaze. Atakuja kolibri wa Chimborazo, ndege mdogo anayekunywa nekta ya maua. Dume ana kichwa cha zambarau. Kolibri wengi hunywa nekta wakiwa wameelea hewani, lakini huyu mara nyingi hutua tawini, kama chozi wa kwetu, kwa sababu kuelea kwenye hewa nyepesi kunamla nguvu. Akirudi kichaka kilekile mara ya pili, usikisogelee tena. Piga picha kutoka hapo ulipo.